Kutoka Relini Malampaka hadi Ziwani Lamadi: Jinsi ya Kupanga Safari ya Baiskeli Mkoani Simiyu

Simiyu haina uhaba wa baiskeli. Zinabeba madumu ya maji, magunia ya pamba, wagonjwa kwenda zahanati na watoto kwenda shule. Kilicho kigeni kwa wengi ni kuipanda baiskeli siku tatu au nne mfululizo, ukilala huku na kuamkia kule, kwa nia tu ya kuijua nchi. Makala hii ni ya mtu anayetaka kufanya hivyo kwa mara ya kwanza. Si lazima uwe mwanariadha. Unachohitaji ni mpango, na mpango wenyewe hauanzi na kilomita. Unaanza na maswali mawili: nitalala wapi, na maji nitayapata wapi? Ukishayajibu hayo kwa kila siku ya safari, kilomita zitajipanga zenyewe.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, nao una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Magharibi, upande wa Busega, unagusa Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki umepakana na Serengeti. Katikati kuna tambarare zenye vilima vya mawe, mashamba ya pamba na mahindi, na mito ambayo kiangazi hubaki mchanga mtupu. Kwa mwendesha baiskeli hii ni nchi ya huruma. Utapanda na kushuka, lakini hakuna mlima wa kukukatisha tamaa siku ya kwanza. Milima ipo, na tutaifikia, ila si mahali pa kuanzia.

Huenda umesikia kwamba nchi nyingine watu huendesha baiskeli juu ya njia za reli za zamani. Ni kweli. Reli inapoacha kutumika, mataruma na vyuma huondolewa, tuta linasawazishwa, na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wanapewa njia. New Zealand wana njia ya namna hiyo huko Otago, yenye urefu wa kilomita 152. Marekani wanayo moja jimboni Missouri inayokaribia kilomita 390. Njia hizo hupendwa kwa sababu treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo waliochora reli walitafuta mteremko wa polepole. Anayepita leo kwa baiskeli anafaidi kazi ya wapimaji wa zamani.

Je, Simiyu tunayo njia kama hiyo? Hapana. Reli yetu iko hai. Reli iliyotoka Tabora kwenda Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, inapita Malampaka wilayani Maswa, na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2021, nayo imepangiwa kituo hapo hapo. Kwa hiyo usije ukaendesha baiskeli juu ya tuta la reli wala pembeni mwake ndani ya hifadhi ya reli. Ni eneo la Shirika la Reli Tanzania, TRC, ni kosa kulitumia kama njia, na ni hatari: ukiwa na upepo masikioni hutaisikia treni mpaka imekukaribia. Vuka reli kwenye vivuko vilivyowekwa tu, na ukifika hapo shuka, tazama pande zote mbili, kisha usukume baiskeli.

Hata hivyo reli inaweza kukufaa kwa njia mbili. Kwanza, inakufikisha mwanzo wa safari. Ukitoka Tabora au Mwanza, ulizia kituoni siku ambazo treni ya abiria inasimama Malampaka. Baiskeli uiulizie dirisha la vifurushi, kwa sababu kwa kawaida husafiri kama mzigo unaolipiwa peke yake. Fanya hivyo siku moja au mbili kabla, si dakika za mwisho. Itoe pedeli, geuza usukani ulale sambamba na fremu, andika jina na namba yako ya simu kwenye kipande cha boksi na ukifunge kwenye fremu, halafu tunza risiti. Pili, reli inakuonyesha nchi ilivyolala. Ukiona kwenye ramani barabara inayokwenda sambamba na reli kwa muda mrefu, jua hapo miinuko ni ya upole, na unaweza kupanga kilomita nyingi kidogo bila wasiwasi.

Sasa njia yenyewe. Ninayoipendekeza kwa mgeni wa mambo haya inaanzia Malampaka, inapita Maswa na Bariadi, na kuishia Lamadi kando ya ziwa. Kuanzia Maswa hadi Lamadi ni lami tupu: Maswa hadi Bariadi ni kilomita 50 hivi, na Bariadi hadi Lamadi ni kilomita 72. Kipande cha kwanza, Malampaka hadi Maswa mjini, ni kifupi, na mtu wa kawaida anakimaliza ndani ya nusu siku. Usitegemee lami kote hapo, ila changarawe wakati wa kiangazi haina shida kwa tairi pana. Kama reli haikufai, anzia Shinyanga ufike Mwigumbi, kisha ushike lami ya Mwigumbi hadi Maswa, kilomita 50 nyingine.

Siku ya kwanza, basi, ni Malampaka hadi Maswa. Ni fupi kwa makusudi. Siku ya kwanza ndiyo inayofichua makosa ya kufunga mizigo, kiti kilicho chini mno na breki inayogusa rimu. Ukifika Maswa saa sita au saa saba mchana, una alasiri nzima ya kumtafuta fundi na kurekebisha. Siku ya pili, Maswa hadi Bariadi. Kwa baiskeli yenye mizigo kwenye lami, mtu asiyezoea huenda kilomita 12 kwa saa, kwa hiyo kilomita 50 ni saa nne za kukanyaga pedeli, na ukiongeza mapumziko ni saa sita. Siku ya tatu pumzika Bariadi. Wengi hukataa ushauri huu wakiona wanapoteza siku, lakini miguu isiyozoea huuma zaidi siku ya tatu, na kesho yake unayo safari ndefu kuliko zote. Siku ya nne, ukipita Dutwa, unateremka kwenda Lamadi.

Nasema unateremka kwa maana ya jumla, kwa kuwa maji ya eneo hili yanaelekea ziwani na ziwa ndilo lililo chini. Bado utakutana na vilima njiani. Kinachoweza kukuchelewesha zaidi ya vilima hivyo ni upepo. Karibu na ziwa, jua likishapasha ardhi moto, upepo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, yaani unakupiga usoni. Asubuhi haujaanza. Ndiyo maana siku hiyo uwe barabarani mara kunapopambazuka vizuri, mnamo saa kumi na mbili na nusu, na ulenge kuwa umemaliza kilomita 50 kabla ya saa sita mchana.

Utajuaje kama kilima ni cha kupanda au cha kusukuma? Programu za ramani kwenye simu, kama OsmAnd au Organic Maps, hukuruhusu kupakua ramani ya Tanzania ukiwa na intaneti na kuitumia hata pasipo mtandao. Chora njia yako, kisha angalia mchoro wa mwinuko, ule mstari unaopanda na kushuka. Tafuta mambo mawili: umbali wa kipande kinachopanda, na mita zinazopandwa. Gawanya mita zinazopandwa kwa umbali, zidisha kwa mia. Mfano mzuri ni barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ambayo hupanda karibu mita 1,000 katika kilomita kama 33. Hiyo ni asilimia tatu, maana yake kila mita mia moja unazokwenda mbele, unapanda mita tatu. Asilimia mbili au tatu utapanda umekaa. Tano utatoka jasho. Nane na kuendelea, ukiwa na mizigo na baiskeli isiyo na gia, shuka usukume, na wala si aibu. Katika kupanga muda, ongeza robo saa kwa kila mita 100 za kupanda.

Kabla hatujaenda milimani, tuzungumzie udongo na majira, kwa sababu Simiyu ndiyo yanayoharibu safari kuliko mwinuko. Mvua kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea, kukiwa na vipindi vikavu katikati, hadi Aprili au Mei. Nje ya lami, sehemu kubwa ya tambarare ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka nyufa zinazoweza kumeza tairi jembamba. Ukilowa unanata: unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu halizunguki, na utajikuta umebeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Udongo wa kichanga, luseni, ni kinyume chake: mvua kidogo huushikamanisha na kuufanya upitike, kiangazi unazama. Kwa hiyo panga safari kati ya Juni na Septemba. Kumbuka pia kwamba miezi hiyo ni ya soko la pamba, na malori yenye marobota au magunia yaliyopangwa juu ni mengi barabarani.

Mito nayo ina tabia yake. Simiyu na Duma hupitwa kwa madaraja kwenye barabara kuu, lakini kwenye njia za vijijini utakutana na makorongo na madrifti. Mvua ikinyesha mbali, usikoiona, maji yanaweza kushuka ghafla hata kama juu yako mbingu ni kavu. Kanuni ni moja: maji yakiwa ya rangi ya chai na yanakwenda kasi, usivuke hata kama yanakufika magotini tu. Kaa upande ulipo, subiri. Mengi hupungua baada ya saa chache.

Ukitaka kujua hali ya barabara, uliza wanaozihudumia. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, ambao wana ofisi Bariadi. Barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, wenye ofisi kila wilaya. Nenda na swali mahsusi: "Barabara ya kutoka hapa hadi pale inapitika mwezi huu? Kuna daraja lililokatika?" Kuuliza ni bure. Baada yao, waulize madereva wa bodaboda, kwa sababu wao walipita jana.

Sasa milima. Njia ya juu zaidi iliyo karibu na Simiyu iko kusini, nje ya mkoa. Kutoka Bariadi, barabara ya mkoa inapita Kisesa na Mwandoya kwenda Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu. Kutoka Maswa unaweza kufika Mwanhuzi kwa kupitia Lalago. Kutoka hapo unaelekea Mto Sibiti, unaotoa maji Ziwa Kitangiri na kuyapeleka Ziwa Eyasi. Zamani mto huu ulikuwa kikwazo kikubwa kati ya Meatu na Mkalama. Sasa kuna daraja la kudumu. Ng'ambo ni Mkoa wa Singida, na nchi inaanza kuinuka kwenda uwanda wa juu wa Iramba: Nduguti, Kiomboi, kisha Misigiri kwenye lami ya Singida na Nzega. Ukishika magharibi kutoka Misigiri, barabara inaanguka kwa kona kali kwenda Shelui. Hapo ndipo Mlima Sekenke, jina ambalo kila dereva wa lori analijua.

Sekenke kwa baiskeli ni bora uushuke kuliko kuupanda, ila usidhani kushuka ni kupumzika. Malori yaliyobeba mizigo mizito hushuka polepole kwa gia ndogo, na yanayopanda hutambaa huku mabasi yakiyapita. Fika asubuhi kukiwa na mwanga kamili. Kabla ya kuanza, kaza nyaya za breki na angalia raba zake. Wakati wa kushuka usiminye breki mfululizo: minya, achia, minya, achia, ukitumia zote mbili. Rimu ikipata moto kupita kiasi tyubu inaweza kupasuka, kwa hiyo simama mara mbili au tatu mahali palipo wazi, nje kabisa ya barabara, na uiguse kwa tahadhari. Ikiunguza kidole, subiri ipoe. Ukisikia lori nyuma yako kwenye kona, toka barabarani. Usishindane nalo hata kidogo.

Njia hii ya kusini ni ya mtu ambaye ameshamaliza ile ya Malampaka hadi Lamadi. Vijiji viko mbali mbali, sehemu kubwa ni vumbi, maji ni ya shida, na upande wa mashariki wa Meatu kuna wanyamapori. Ramani za simu nazo hukosea hapo: njia ya ng'ombe huonekana kama barabara.

Wanyamapori wanahitaji maelezo yao. Baiskeli haziruhusiwi kupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa hiyo yule anayetazama ramani na kuona kwamba Arusha iko "moja kwa moja mashariki" afute wazo hilo. Atapanda basi au gari, akalipa viingilio vinavyotakiwa, au atazunguka kwa kusini. Vivyo hivyo usiingie bila kibali Pori la Akiba Maswa wala Kijereshi, lililo upande wa Busega, wala eneo la jumuiya ya wanyamapori la Makao huko Meatu. Lakini mpaka kwenye ramani hauwazuii tembo. Vijiji vya Busega, Bariadi, Itilima na Meatu vilivyo karibu na hifadhi hutembelewa na tembo, hasa usiku na hasa mazao yanapokomaa. Kanuni za mwendesha baiskeli ni rahisi na hazina mjadala: usiendeshe gizani, usilale nje peke yako mbali na makazi, na wenyeji wakisema "leo usipite njia ile", usipite. Ukimwona tembo mbele, simama mbali, usipige kelele wala picha ya karibu, geuza urudi ulikotoka.

Utalala wapi? Maswa, Bariadi, Mwanhuzi na Lamadi zina nyumba za wageni za kila hadhi. Uliza chumba cha chini, au kama kuna stoo au ua unaofungwa kwa baiskeli, kabla hujalipa. Ukilazimika kulala kijijini, nenda kwanza ofisi ya kijiji ukaonane na mtendaji, au kwa mwenyekiti wa kitongoji, ukiwa na kitambulisho chako. Hili usilichukulie kuwa ni adabu tu. Usukumani sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, bado una nguvu, na mgeni asiyejulikana anayekutwa usiku ataulizwa maswali magumu. Ukiwa umeripoti, wale wale ndio watakaokulinda. Salamu inafungua mlango kuliko maelezo marefu: asubuhi sema "mwangaluka", kuanzia mchana "mwadila". Kwa mzee, shuka kwenye baiskeli kwanza, vua kofia, ndipo usalimie.

Baiskeli gani inafaa? Ile ambayo fundi wa njiani anaijua. Phoenix na ndugu zake, zile nzito za chuma, zina vipuri karibu kila gulio. Zinakosa gia, lakini kwa njia ya Malampaka hadi Lamadi zinatosha. Baiskeli ya gia ya inchi 26 ndiyo ninayoipendelea kama unapanga kwenda Iramba. Tairi na tyubu zake zinapatikana Maswa na Bariadi. Tahadhari moja ambayo huwaumiza wengi: "inchi 28" ya Phoenix si sawa na inchi 28 ya baiskeli za mbio. Soma namba ubavuni mwa tairi. Phoenix huandikwa 635, ya mbio 622, na ya gia ya inchi 26 huandikwa 559. Hizo ni milimita za rimu. Tairi la 622 haliingii kwenye rimu ya 635 hata ulivute vipi. Angalia pia mdomo wa tyubu ulandane na pampu unayobeba.

Miiba ya migunga ni mingi, kwa sababu wafugaji huzungushia maboma kwa matawi yake na mengine huanguka njiani. Beba tyubu mbili mpya, viraka, solusheni, msasa, vyuma viwili vya kung'olea tairi, pampu, spana za saizi za baiskeli yako, bisibisi, kipande cha mnyororo na waya mmoja wa breki. Jifunze kuziba pancha nyumbani kabla ya kuondoka; fundi akikuona unataka kujifunza atakufundisha kwa moyo mkunjufu. Wiki moja kabla, mpe baiskeli akanyooshe rimu, akaze spoku, apake grisi kwenye ekseli na akague friwili. Mizigo ifunge kwenye keria nyuma, chini na pande zote mbili sawa, kwa mpira wa tyubu ya zamani. Mgongoni usibebe kitu kizito zaidi ya maji.

Sheria inasemaje? Tunaendesha kushoto, na baiskeli inapaswa kuwa na breki zinazofanya kazi, taa kama kuna giza, na kiakisi mwanga nyuma. Vaa fulana ya kung'aa hata mchana, na kofia ngumu ya kichwa kama unaweza kuipata. Bega la barabara, ile sehemu pembeni ya mstari mweupe, ndiyo makao yako, lakini mikono ishike usukani vizuri panapokuwa na rasta na matuta karibu na vijiji na shule. Mkiwa wengi, nendeni mmoja nyuma ya mwingine.

Maji na chakula. Katika jua la Simiyu mtu hunywa nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kuendesha. Toka asubuhi na lita tatu, jaza kila unapopata maji salama, na beba vidonge vya kutibu maji au uyachemshe jioni. Maji ya malambo, yale mabwawa ya kunyweshea mifugo, usiyanywe, usiyaoge. Kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopenya ngozi ukiwa majini, kipo kwenye malambo na kando ya Ziwa Victoria pia. Ukifika Lamadi ukatamani kujitosa ziwani, jizuie, ukaoge gesti. Chakula cha safari tunacho tayari, na hakuna biskuti inayokishinda: michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, havichachi na havipondeki mfukoni. Ongeza karanga. Asubuhi kula uji na chapati kabla ya kutoka, njiani tafuna kidogo kidogo, ugali mkubwa uuache hadi jioni ukishafika. Lamadi utapata samaki aliyevuliwa karibu.

Kwenye mfuko wa dawa weka pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, dawa ya maumivu, plasta, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda na chandarua, kwani malaria ipo mwaka mzima. Bariadi kuna Hospitali ya Somanda na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Nyaumata; Maswa na Mwanhuzi kuna hospitali za wilaya. Kama una bima ya afya, beba kadi. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya zimamoto na uokoaji ni 114; zote ni bure kupiga. Mwachie ndugu mmoja ratiba yako iliyoandikwa, na umtumie ujumbe kila jioni ukifika. Asipouona hadi saa mbili usiku, ajue amtafute nani.

Itakugharimu kiasi gani? Bei hubadilika, kwa hiyo haya yachukue kama makadirio ya kujipangia, si orodha ya bei. Kwa siku moja tenga shilingi 15,000 hadi 25,000 za chumba cha kawaida, 10,000 hadi 15,000 za chakula, na 3,000 za maji. Weka kando 30,000 kwa safari nzima ya pancha, vipuri na fundi, na 50,000 ambazo huzigusi isipokuwa lazima urudi nyumbani kwa gari. Mkiwa wawili mnagawana chumba, na gharama inashuka sana. Noti ndogo ndogo beba nyingi, maana njiani muuza chai hana chenji ya elfu kumi. Fedha nyingine iache kwenye simu. Mawakala wapo kila mji na hata kwenye vijiji vingi vya barabarani.

Ukishafika Lamadi una njia mbili za kurudi. Kama miguu bado inadai, endelea na barabara ya Mwanza kupitia Magu, siku mbili za polepole ukilala Magu, na kabla hujaingia jijini pitia Kisesa (si ile ya Meatu) uone makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Barabara hiyo ina magari mengi kuliko ya Bariadi, basi itumie asubuhi tu. Kama umechoka, Lamadi iko kwenye barabara ya Mwanza na Musoma, na mabasi yanapita siku nzima pande zote mbili, mengine yakielekea Bariadi. Patana nauli ya baiskeli na kondakta kabla haijapandishwa, sema wazi itakaa wapi, buti au juu, toa mizigo yote kwenye keria, na usimame hapo hapo uone inavyofungwa. Dai risiti au tiketi inayotaja baiskeli. Ukishuka, ikague kwanza kabla basi halijaondoka: magurudumu yanazunguka, breki zinashika, usukani haujapinda.